Aliyemwangusha Gollum

Mhariri, swali lenu la wiki hii linatutaka tutaje kitu chenye nguvu katika hadithi za kubuni ambacho mwandishi wake ametuachia fumbo, kisha tuseme tunalifumbuaje. Nachagua Pete ya Sauron, bwana mwovu aliyeiunda ili kuwatawala wengine, katika The Lord of the Rings, riwaya ambayo J. R. R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein katika Afrika Kusini ya leo, aliitoa kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955.

Hapa Moshi wasomaji wa riwaya hiyo si wengi, ila tukikutana hatukosi la kubishania. Swali la kwa nini tai wa hadithi hiyo hawakuibeba Pete tangu mwanzo hadi kwenye mlima wa moto, mahali pekee inapoweza kuangamizwa, silipi uzito, kwa kuwa safari nzima ilitegemea siri, na ndege wakubwa namna ile ni vigumu kuwaficha. Fumbo lenyewe liko mwishoni. Frodo, aliyebeba jukumu la kuiangamiza Pete, akiwa amefika kwenye ufa wa moto ndani ya mlima huo ulioko Mordor, nchi ya Sauron, anakataa kuitupa Pete na badala yake anaivaa. Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na Pete na asiyeacha kuitamani, anamrukia, anamkata kidole kwa meno pamoja na Pete, anacheza kwa furaha ukingoni, anapitiliza hatua moja na kutumbukia nayo. Je, alianguka tu, au kuna kilichomwangusha?

Wenzangu wengi husema ni majaliwa, na Tolkien mwenyewe aliashiria katika barua zake kwamba uwezo mwingine ulishika hatamu pale uwezo wa Frodo ulipokoma. Silikatai hilo, lakini majaliwa nayo hupitia njia fulani, na njia ninayoiona mimi ni kiapo. Gollum aliapa kwa Pete kwamba atamtumikia mwenye nayo. Frodo alimwonya kuwa kiapo hicho kitamfunga, na baadaye akamwambia wazi kwamba angeweza kuivaa Pete na kumwamuru ajitose motoni, naye angetii. Kisha, walipokuwa wakiupanda mlima, Gollum alimvamia Frodo, na Sam, mtumishi wa Frodo aliyesafiri naye, akamwona bwana wake kama umbo lenye vazi jeupe na gurudumu la moto kifuani. Kutoka katika moto ule ilitoka sauti ikimwambia Gollum kwamba akimgusa tena, atatupwa motoni. Alimgusa tena. Kwetu Kilimanjaro, mzee akishavunja chungu cha laana, aliyelaaniwa akianguka kutoka mtini hakuna anayejisumbua kutenganisha utelezi wa mvua na laana yenyewe.

Linalobaki ni nani aliyesema maneno yale. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, hushikilia kuwa ni Pete, maana sauti ilitoka motoni. Hoja hiyo ina kasoro kubwa: Pete ilikuwa karibu kabisa na mahali pekee palipoweza kuiangamiza, na Gollum ndiye aliyekuwa tayari kukimbia nayo mbali na mlima. Ingekuwaje imfukuze mwokozi wake? Naamini aliyesema ni Frodo, ila alisema kwa nguvu ya Pete, akiitumia kuamuru kiumbe kingine, jambo ambalo alikuwa ameonywa asilijaribu. Kwa hiyo Pete ilifungwa na amri iliyopita ndani yake yenyewe.

Ninapingwa kwamba tafsiri hii inaifuta huruma ya kutomuua Gollum, ambayo Gandalf, mchawi mshauri wa Frodo, alisema ingeweza kuamua hatima ya wengi. Sioni hivyo. Dakika chache baada ya amri ile, Sam alikuwa na upanga mkononi na Gollum amelala miguuni pake, akamwacha aende zake. Angemuua pale, laana isingekuwa na wa kumshika, na Frodo angebaki ufani amevaa Pete huku watumishi wa Sauron wakija mbio.

Ninalokubali kuwa gumu ni kwamba Frodo hakuwa ameivaa Pete alipoamuru, bali aliishika tu kifuani, ilhali onyo lake la awali lilitaja kuivaa. Mwalimu analing'ang'ania hilo kila tunapokutana, na sijapata mstari wa kumnyamazisha.