Biskuti za sayari zimetandawaa, rangi zimechuja

SWALI

Assalaam alaykum mama, shikamoo. Naandika kutoka Wete, Pemba. Mwanangu yuko darasa la nne, wanasoma sayari, na kila mtoto ametakiwa alete kitu cha kuonyesha. Nimeamua kumfanyia biskuti za oti zenye vipande vya chokoleti, nizipambe ziwe sayari. Nimejaribu mara moja. Siagi niliiacha nje ilainike kama mapishi yalivyosema, lakini biskuti zilitandawaa treya nzima zikashikana. Juu nikapaka aisingi ya ute wa yai, mpaka usiku haijakauka, nikazitia friji. Asubuhi nilipozitoa, haikupita nusu saa buluu ya Dunia ikachuja ndani ya kijani, na pete za Zohali zikakatika. Oveni yangu ni ya gesi, haina kipimajoto cha kuaminika. Je, nitumie samli badala ya siagi? Na mtoto anataka na Pluto pia. Nimtie au nimwache?

JIBU

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Hukukosea kufuata mapishi. Mapishi ndiyo hayakuandikwa kwa ajili ya jiko la Wete.

Tuanze na siagi, maana hapo ndipo biskuti zako zilipoharibika, kabla hata hujawasha oveni. "Joto la chumba" linalotajwa katika mapishi hayo ni kama nyuzi 20. Kwetu, jiko likiwaka mchana, chumba kinafika 30 na kupita, na siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35. Kwa hiyo ulipodhani inalainika, ilikuwa tayari karibu na kuwa mafuta. Unapopiga siagi na sukari, chembe za sukari hutoboa siagi na kuacha vishimo vya hewa. Siagi iliyolegea haishiki hewa hiyo. Ukishaitia ndani ya oveni inakimbia kabla unga na yai havijapata nafasi ya kushikana, ndiyo maana biskuti inakuwa kama chapati ya maji.

Itoe siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo, subiri dakika 10 tu, zisizidi 15. Ibonyeze kwa kidole: kidole kiache alama, lakini kitoke kikavu bila kung'aa. Kikitoka na mafuta, rudisha friji.

Samli iache kwa vileja. Siagi ina maji, kama sehemu 16 katika 100, na maji hayo ndiyo yanayonywewa na oti na unga. Samli ni mafuta matupu, na kwa joto letu inakaa majimaji. Biskuti ya oti ya samli hutandawaa, ikishapoa inavunjika ukiigusa. Majarini ya kipande, ile ngumu, inafaa kama kibandiko kinasema mafuta si chini ya asilimia 80. Ile laini ya kupaka mkate usiitie humu.

Kipimo ninachotumia mimi kwa biskuti za kupamba ni hiki, kinatoa kama 30. Siagi gramu 170, sukari ya brauni 150, sukari nyeupe 50. Piga dakika mbili hivi, usipige mpaka iwe povu kama ya keki, hewa nyingi huifanya biskuti ivimbe kisha idondoke katikati. Tia yai moja kubwa lililotoka friji na vanila kijiko cha chai. Unga wa ngano gramu 190 uchekeche pamoja na nusu kijiko cha chai cha magadi soda, nusu ya chumvi na kijiko kimoja cha mdalasini, kisha uchanganye kwa mwiko. Mwisho tia oti gramu 180 na vipande vya chokoleti 120. Mapishi mengi huweka magadi soda kijiko kizima. Mimi naweka nusu, maana soda ikizidi biskuti hutanuka na kupasuka juu, na wewe unataka duara.

Oti ziwe zile bapa nzima. Zile za kuiva haraka, ambazo wengi wetu tunazo kabatini tangu Ramadhani kwa ajili ya shurba, zinafaa pia, ila biskuti inakuwa laini zaidi. Zikaange kavu kwenye kikaango dakika tano mpaka zinukie, uziache zipoe kabisa kabla ya kuzitia. Hatua hii wengi huiruka, na mimi siiruki kamwe, kwa ladha yake na kwa sababu oti kavu hunywa unyevu wa unga vizuri.

Sasa funika, tia friji saa mbili. Ukitoa, fanya madonge ya gramu 30, yapange kwenye sahani, yaingize sehemu ya kugandishia dakika 20. Treya iwe baridi. Kama umetoka kuichomea treya ya kwanza, ipitishe kwenye maji, uifute ndipo upange nyingine. Donge likikaa juu ya treya ya moto linaanza kuyeyuka kabla hujaliingiza ovenini.

Oveni nyuzi 175, dakika 10 hadi 12. Gesi inawaka kutoka chini, kwa hiyo weka treya mbili moja juu ya nyingine ili sehemu ya chini isiungue, na hapa chini ina umuhimu kuliko juu, nitakueleza punde. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kinafaa ununue ukikipata. Usipokipata, choma donge moja peke yake kwanza. Likitandawaa kabla pembeni hazijageuka rangi, oveni ni baridi. Likiungua pembeni na katikati bado ni donge, oveni ni kali. Donge moja la kupoteza ni bora kuliko treya nzima.

Zikitoka, zikiwa bado laini, chukua bilauri yenye mdomo mpana kuliko biskuti, ifunike biskuti na uizungushe kwa kasi juu ya treya. Kingo zinajipiga kwenye bilauri na biskuti inakuwa duara kama imekatwa kwa kifaa.

Sasa kuhusu ile sehemu ya chini. Uso wa biskuti ya oti una mabonde na vilima. Ukipaka aisingi juu, inatuama kwenye mabonde na kubaki mbichi huko, huku vilima vikichomoza. Igeuze. Chini ni bapa, pamepigwa pasi na treya. Pamba upande ule. Kitambo nilipewa agizo la biskuti 60 za mtindo huu mwezi wa Aprili, nikazipamba juu kama kawaida, na mvua ya masika haikukatika siku tatu. Nilizikwangua zote nikaanza upya. Tangu hapo nageuza.

Zipoe kabisa, saa mbili au tatu, na kila moja ifutwe kwa karatasi ya jikoni kuondoa mafuta. Mafuta yakibaki yatapanda kwenye aisingi na kufanya madoa ya manjano.

Ama aisingi, kwa kuwa watakula watoto, acha ute mbichi. Kuna vijidudu vya salmonela vinavyoweza kuwamo, na ute hauwi salama mpaka ufike nyuzi 71. Tumia unga wa ute wa yai: gramu 15 kwa maji mililita 75, sukari laini ya aisingi gramu 450, na matone machache ya ndimu. Ipige mpaka isimame, kisha ilegeze kwa maji tone kwa tone. Pitisha kisu katikati ya bakuli uhesabu: mstari ukijifunga baada ya hesabu 20, ndiyo yenyewe. Wenzetu wa nchi kavu huhesabu 10 au 15. Kwa hewa yetu kila tone la maji unalolitia ni saa nyingine ya kusubiri.

Aisingi inakauka kwa maji kutoka na kwenda hewani, na hewa ya kisiwani tayari imejaa maji. Wewe ni mtu wa Pemba, umeona karafuu zinavyoanikwa: zinatandazwa nyembamba, upepo upite, na zikinusa mvua zinaanuliwa mbio. Fanya hivyohivyo, ila si juani, maana jua litayeyusha siagi na kupausha rangi. Zipange chumbani mbali na sufuria inayochemka, mbele ya feni, usizifunike kawa. Hesabu saa nane mpaka 12 kwa tabaka la kwanza. Friji ndiyo iliyokuchujishia rangi. Biskuti baridi ikitoka kwenye hewa yetu inatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo linayeyusha sukari, kisha rangi zinakimbiliana kama kanga mpya iliyolowekwa na nguo nyeupe.

Kwa hiyo usimwage rangi mbili mbichi zikagusana, isipokuwa unataka zichanganyike. Paka tabaka moja, likauke, ndipo ufuate la pili. Rangi iwe ya jeli, si ya maji. Nyekundu na nyeusi huzidi kukolea zikilala, kwa hiyo zichanganye jana yake na usiongeze kwa pupa. Kwa kuchora juu ya tabaka kavu, mapishi ya nje husema changanya rangi na pombe. Kwetu hilo halipo, na halihitajiki: brashi nyembamba, jeli kidogo, unyevu wa maji uufute kwenye karatasi mpaka brashi iwe karibu kavu.

Mshtarii ndiye mahali pekee pa kuacha rangi zikutane. Mwaga krimu, palepale pitisha mistari ya kahawia na ya chungwa hafifu, kisha kwa kijiti cha meno vuta mara moja kushoto, mara moja kulia. Mikanda ya mawingu inajichora yenyewe. Doa Jekundu Kubwa liweke nusu ya kusini, chini ya mstari wa kati. Ni tufani kubwa kuliko Dunia, na mtoto akiulizwa ajue kulitaja.

Pete za Zohali zilikatika kwa sababu ulizitokeza nje ya biskuti. Sukari nyembamba haivumilii unyevu wala mikono ya watoto. Fanya donge la gramu 60, lichome peke yake, halafu biskuti yote iwe anga: ipake chokoleti ya kupikia yenye mafuta ya mboga, maana ile ya siagi ya kakao inalegea kwa nyuzi 30 na kitu tu. Ikiganda, chora Zohali ya manjano mpauko katikati, na pete juu yake kwa mistari miwili mitatu yenye nafasi. Ziinamishe kidogo.

Dunia: buluu kwanza, ikauke usiku mzima, ndipo kijani. Ukichora Afrika, toboa nukta mbili ndogo pwani ya mashariki, Unguja kwenye nyuzi 6 kusini mwa Ikweta na Pemba kwenye 5. Mirihi ni jeli nyekundu na kakao kidogo iwe rangi ya kutu, kwani ni kutu kweli, chuma kilicho kwenye vumbi lake. Zuhura ni krimu yenye ncha ya kijiko cha bizari ya manjano. Utaridi iache tupu, upande wa juu, isiyopakwa kitu: vipande vya chokoleti na mashimo ya oti vinatosha.

Uranusi na Neptuni usizitofautishe sana. Picha za Neptuni zilizopigwa na chombo cha angani Voyager 2 mwaka 1989 zilikolezwa buluu, na watu wameipaka buluu ya wino tangu hapo. Wanasayansi wa Oxford walionyesha mwaka 2024 kwamba zote mbili ni buluu ya kijani iliyofifia, Neptuni imezidi kidogo tu. Tone moja la jeli kwa Uranusi, mawili kwa Neptuni.

Ukubwa halisi usijaribu. Dunia ikiwa biskuti ya sentimita 6, Mshtarii atataka sinia ya sentimita 66. Tumia saizi tatu, gramu 15, 30 na 60, na kila saizi treya yake, kwa kuwa ndogo huungua wakati kubwa bado mbichi.

Choma siku mbili kabla ya maonyesho, jioni yake paka tabaka la kwanza, kesho yake rangi za juu. Zikikauka zipange kwenye mkebe unaofunga barabara, karatasi kati ya kila safu, nje ya friji.

Na Pluto mtie. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa falaki hawaihesabu kuwa sayari kamili bali sayari kibete, lakini mtoto ataifurahia kuieleza. Ni ndogo kuliko mwezi wetu, basi chukua unga uliobaki ubavuni mwa bakuli, donge kama njugu, uchome dakika tano. Mwaka 2015 chombo New Horizons kilipita karibu nayo kikakuta uwanda mweupe wa barafu wenye umbo la moyo. Ipake kahawia hafifu, na moyo mweupe uuchore kwa ncha ya kijiti.