Futa hiyo orodha mkuu, hesabu dakika kwanza

Simamisha hiyo orodha, mkuu. Usiiprinti, usiirushe kwenye grupu la WhatsApp, usimwoneshe mtu. Umeandika kwamba Pasaka hii unakusanya watu kama 20 hapo Makambako mtazame The Lord of the Rings zote tatu, zile muvi za safari ya kwenda kuiharibu pete yenye nguvu za giza, halafu mpige kura ya wahusika 10 bora. Ukatuuliza kama mpangilio wako wa awali umekaa sawa, kura zihesabiwe vipi, na zawadi iwe nini. Mimi nimekwama pale ulipomweka Boromir, yule mpiganaji wa nchi ya Gondor, wa tisa na kuandika pembeni "msaliti", kisha Faramir wa kumi, "mdogo wake, yale yale". Nikarudi juu nikasoma kwamba unatumia nakala ya tatu kwa moja iliyotafsiriwa, faili moja la saa 5. Basi nikaelewa. Nakala ya aina hiyo ndiyo iliyonifanya na mimi nitangaze orodha kama yako mbele ya watu wanaozijua hizi muvi, na hakukuwa na jina hata moja lililokaa mahali pake.

Piga hesabu. Zilipoingia sinema, ya 2001 ilikuwa dakika 178, ya 2002 dakika 179, ya 2003 dakika 201. Jumla 558, yaani saa 9 na dakika 18. Wewe una saa 5. Zaidi ya saa 4 zimetupwa kabla hujabonyeza kitu. Na hayo ndiyo matoleo mafupi! Mwongozaji Peter Jackson alitoa pia matoleo marefu: dakika 208, 223 na 251, bila yale majina ya wapenzi wa muvi yaliyoongezwa mwishoni. Jumla saa 11 na dakika 22. Ukilinganisha na hizo, faili lako halifikii hata nusu.

Sasa jiulize kilichotupwa ni nini. Mkataji hagusi vita, vita ndiyo inauza. Anakata maongezi. Legolas na Gimli wanaishi kwenye vita, kwa hiyo wanapona karibu wazima. Boromir, Faramir, yule mwanamke mpiganaji Éowyn, na Sam rafiki wa Frodo mbeba pete, wanaishi kwenye maongezi, kwa hiyo wao ndio wanaochinjwa. Legolas wako wa pili kapandishwa na mkasi. Wewe mtu wa Makambako unamjua mnunuzi anayetazama viazi vya juu vilivyopangwa vizuri mdomoni mwa lumbesa, analipa, anapakia, anakwenda kufungua gunia Dar. Ndicho unachotaka kuwafanyia wageni wako.

Anza na Boromir. Mtaani kuna nakala nyingi ambazo muvi ya kwanza inaishia kwenye baraza la Elrond kule Rivendell, wanapoamua pete ifanywe nini, na sababu yake ni ya kiufundi tu: toleo refu liliwekwa kwenye DVD mbili, na diski ya kwanza inaishia pale pale wanaposimama wale tisa na kuitwa Ushirika wa Pete. Mwenye duka ananakili diski moja, anaona ina mwanzo na ina kitu kinachofanana na mwisho, anakuuzia. Unabaki na Boromir mmoja tu, yule anayeitamani pete barazani. Humwoni kwenye theluji ya mlima Caradhras akipiga kelele kwamba hobiti, wale watu wafupi, watakufa na baridi. Humwoni akiwafundisha hobiti wawili, Merry na Pippin, kushika upanga. Humwoni wakitoka kwenye mapango ya Moria, mchawi Gandalf ameshaanguka, kiongozi wao Aragorn anataka waondoke upesi, na Boromir ndiye anayemsihi awaache hobiti walie kwanza. Mtu anayefikiria hivyo wakati Orc, askari wa adui, wako nyuma yao unampeleka nafasi ya tisa?

Na humwoni akifa. Ndiyo, pale Amon Hen alijaribu kumnyang'anya Frodo pete, hilo halifutiki. Lakini muda mfupi baadaye Uruk-hai, wale Orc wakubwa zaidi, wanawazunguka Merry na Pippin, na Boromir anaingia katikati peke yake. Mshale wa kwanza unamyumbisha, anaendelea kukata. Wa pili unampigisha magoti, anawatazama wale wawili, anainuka tena. Wa tatu ndio unaomweka chini kabisa. Aragorn anapofika, mwenyewe anakiri kosa lake bila kutafuta kisingizio. Halafu tazama kitu hiki kidogo ambacho watu wengi hawakioni: Aragorn anachukua vile vikinga vya ngozi vya mikononi mwa Boromir, vyenye alama ya ule mti mweupe wa Gondor, anavivaa yeye, na unamwona navyo katika muvi zinazofuata. Aragorn, namba moja wako, anapigana vita vyote vilivyobaki akiwa na vazi la huyo uliyemwandika msaliti.

Faramir ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu huyu hata ukitazama toleo la sinema la 2002 kamili bado utamhukumu vibaya. Toleo hilo linakuonesha ofisa aliyewakamata Frodo na Sam, akawaburuza mpaka mji wa Osgiliath ampelekee baba yake pete. Ukitazama hivyo tu unasema huyu ni Boromir wa pili. Watu waliosoma kitabu walilalamika sana, kwa kuwa kitabuni Faramir anaikataa pete wala hawaburuzi popote.

Toleo refu la dakika 223 lina kipande kinachobadilisha kila kitu. Faramir anakumbuka siku Boromir alipoikomboa Osgiliath. Ndugu wawili wanakumbatiana, wanacheka, wanataka kunywa pamoja. Anakuja baba yao Denethor, mtawala wa Gondor. Anamsifu Boromir mbele ya watu, anamgeukia Faramir anamdhalilisha hapo hapo, na Boromir anajaribu kumtetea mdogo wake. Kisha Denethor anamwagiza Boromir aende Rivendell akaulete huo uwezo wa pete Gondor. Boromir hataki kwenda. Faramir anajitolea aende badala yake, baba anamkatalia kwa dharau. Ndicho kipande chote, ni dakika chache sana, ila ndani yake kuna majibu mawili: kwa nini Boromir alifika barazani akiwa na mzigo ambao hakuuomba, na kwa nini Faramir alipoikuta pete mbele yake aliona njia ya kusikia neno moja jema kutoka kwa baba. Ukishakiona, ile safari ya kuwaburuza hobiti unaielewa, na pale anapowaachia, huku msaidizi wake akimkumbusha kwamba kwa sheria ya nchi adhabu yake ni kifo, na yeye anakubali, unajua hasa anaacha kitu gani.

Muvi ya tatu inaendelea na huyo huyo. Faramir anamuuliza baba yake kama angependa yeye ndiye afe na Boromir abaki. Denethor anajibu ndiyo. Basi anapanda farasi kwenda kuikomboa tena Osgiliath, vita ambavyo kila mtu anaona havishindiki, na huku nyuma Denethor amekaa mezani anakula, anavunja nyama, anatafuna nyanya ndogo mpaka maji yake yanamtiririka kidevuni, wakati Pippin anamwimbia. Sauti ya Pippin ni peke yake. Tuni aliitunga mwigizaji mwenyewe, Billy Boyd. Picha inakwenda farasi, inarudi kidevu, inakwenda mishale, inarudi kidevu.

Na hapo ndipo nina ugomvi mkubwa na mtafsiri wa nakala ile. Katika wimbo huo aliongea mwanzo mpaka mwisho. Aliongea juu ya wimbo! Akatangaza kwamba mzee ana njaa, akasema jeshi linakwenda "kumaliza kazi", na hakuna aliyesikia mstari mmoja wa Pippin. Sichukii kutafsiri. Watu wengi huku kwetu tumezipenda muvi kwa sauti hizo kwenye vibanda, na mtafsiri mzuri anajua pa kunyamaza. Huyu hakunyamaza. Tangu barazani alimpa Boromir jina "msaliti" na hakumwita jina lake tena hadi mwisho. Sam akamwita "mbeba mizigo". Aragorn akawa "steringi", na mtazamaji akishaambiwa steringi ni nani, macho yake hayaendi kwa mwingine. Maneno uliyoandika pembeni mwa orodha yako ni ya mtafsiri, mkuu. Yasome tena uone kama kuna moja ulilolitoa kichwani mwako.

Kwa hiyo kanuni ni moja: dakika kwanza, orodha baadaye. Fungua kila faili utakalopata kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, tazama pembe ya chini upande wa kulia, muda wote umeandikwa kwa saa na dakika, ugeuze uwe dakika tupu. Unatafuta 208, 223, 251. Ukikuta 228, 235, 263 ni matoleo yale yale pamoja na majina ya wapenzi. Ukikuta 178, 179, 201 ni ya sinema. Ukikuta kama 200, 214, 241 usitupe: hizo ni nakala za DVD za mfumo wa PAL, zinazocheza fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, muvi inakimbia kidogo lakini hakuna kilichokatwa. Faili la kwanza likiwa dakika mia na ushee, hiyo ni diski moja, rudisha dukani.

Muda ukilingana, bado thibitisha kwa macho, maana kuna wanaobandika vipande juu ya vipande. Kwenye ya pili tafuta hicho kipande cha Osgiliath. Kwenye ya tatu tafuta kifo cha Saruman, yule mchawi mwovu, juu ya mnara wake wa Orthanc, akichomwa kisu na mtumishi wake Gríma. Toleo la sinema la 2003 halina Saruman kabisa, kwa hiyo ukimwona pale mwanzoni, una toleo refu.

Wakati wa kuhamisha, flashi yako ikiwa imefomatiwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na muvi ya saa tatu na nusu yenye picha safi inapita hapo bila shida. Mwenye duka akiona imegoma, anafanya moja kati ya mawili: anaibana mpaka Moria yote inakuwa giza tupu, au anaikata vipande na kipande cha pili kinasahaulika. Mwambie aifomati exFAT, inayopokea mafaili makubwa, kwanza, na ujaribu flashi hiyo kwenye TV yenyewe mtakayotumia, kwa sababu TV na deki nyingi za zamani haziisomi exFAT. Ikigoma, unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI.

Sauti iwe ya asili, na maandishi ya chini yawepo. Faili la maandishi lipewe jina lile lile la muvi na liwekwe folda moja nayo. Maandishi yakianza sawa halafu yakazidi kuchelewa kadiri muvi inavyokwenda, usihangaike kuyasogeza kwa vitufe vya G na H vya VLC, utayasogeza usiku kucha. Maandishi yametengenezwa kwa fremu 23.976 na muvi yako ni ya 25, na ndani ya saa moja tofauti inafika dakika mbili na nusu hivi. Programu ya bure ya Subtitle Edit inabadilisha kasi ya fremu ya faili zima mara moja. Kwa wasiosoma Kiingereza, mteue mtu mmoja aeleze baada ya kila tukio, akiwa amesimamisha picha. Na kwenye wimbo wa Pippin asiseme kitu.

Ratiba: Ijumaa Kuu ya kwanza, Jumamosi ya pili, Jumatatu ya Pasaka ya tatu. Mkianza saa 8 mchana, hata ile ndefu kuliko zote inaisha saa 12 na dakika 11 jioni, watu wanarudi nyumbani kabla baridi halijakaza.

Orodha yangu ya sasa haina mengi ya kueleza. Sam wa kwanza. Ana hofu kama wote, ana njaa kuliko wote, amefukuzwa na rafiki yake mwenyewe kwa uongo wa Gollum, yule aliyeharibiwa na pete, na bado anarudi kupigana na buibui Shelob, kisha anambeba Frodo mgongoni mlimani. Faramir wa pili, Boromir wa tatu, Éowyn wa nne, Gollum wa tano. Aragorn anafuata na simdharau. Kuanzia hapo pangeni mnavyotaka, Legolas akiwemo.

Kwenye kura, kila mtu aandike majina matano, la kwanza pointi 5 mpaka la tano pointi 1. Aliyekosa siku moja kati ya tatu asipige.

Leo usiku fungua hilo faili lako, soma zile namba, uziandike hapa chini kama zilivyo. Nitakaa nazisubiri, na kama ni tatu kwa moja kweli, Ijumaa Kuu bado haijafika, muda wa kutafuta nyingine upo.