Usiizime antivirusi kwa sababu feni inapiga kelele

Juzi dada mmoja wa Tukuyu, mwenye steshenari kama mimi, kaniandikia: “Ugonile kaka. Laptopu yangu nikiiwasha tu feni inavuma kama mashine ya kusaga, mteja anasubiri kurasa mbili robo saa nzima. Fundi kaniambia niizime ile antivirusi iliyokuja na Windows. Nizime?”

Usizime, dada yangu. Ngoja nikueleze yaliyonipata, maana mpaka leo yananiuma.

Nilianza kibanda changu Mwanjelwa, hapa Mbeya, na laptopu moja ya mtumba, RAM gigabaiti 4, diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk) na printa ya kukopa. Kazi hii pesa yake ni ya asubuhi. Mwanafunzi anataka fomu, mama anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, na wote wanawahi daladala. Basi asubuhi hiyohiyo ndipo laptopu ilipokuwa inaganda. Julai moja, kwenye ile baridi yetu, mtoto wa mteja akawa anaweka viganja ubavuni mwa laptopu, anaota moto. Mama yake alicheka sana. Mimi sikucheka.

Nikafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha nani anakula nguvu za kompyuta. Juu kabisa kulikuwa na Antimalware Service Executable, imekamata zaidi ya asilimia 70 ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Hiyo ndiyo Defender yenyewe, ile antivirusi iliyokuja na Windows, na faili lake linaitwa MsMpEng.exe. Nikazima ulinzi wake wa muda wote, ule unaokagua kila faili linapofunguliwa, kwenye mipangilio. Baada ya muda ukajiwasha wenyewe. Mwenye akili angeelewa. Mimi mjuaji nikatafuta mbinu ya kuiua kabisa, nikaipata, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Laptopu ilikuwa inakimbia!

Kisha akaja mwalimu wa sekondari moja, mteja wangu mkubwa kuliko wote, na mtihani kwenye flashi nyekundu. Nikachapa, akaondoka. Kesho yake flashi ikaletwa na kijana: kila folda imegeuka shotikati (kiungo tu cha kubofya, si folda yenyewe), na kompyuta mbili za walimu zimeshaambukizwa. Kirusi kilitoka kwangu, kwenye flashi za wateja wengine nilizokuwa napokea bila kizuizi chochote. Mafaili yenyewe hayakufutika, yalikuwa yamefichwa tu, na kuyarudisha ni kazi ya dakika chache. Lakini nani angenisikiliza? Shule ile haijachapa kwangu hata ukurasa mmoja tangu hapo. Mwalimu tukikutana Kabwe tunasalimiana kwa mbali.

Baada ya hapo ndipo nikakaa chini nikasoma. Kumbe Defender inapokagua diski nzima ndipo inapokula prosesa, na saa ya ukaguzi unaweza kuichagua mwenyewe. Ingia Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, fuata Microsoft, Windows, halafu Windows Defender, utakuta Windows Defender Scheduled Scan. Mimi nimeipangia saa saba mchana, nikiwa nakula, na nimeweka sharti kwamba laptopu iwe kwenye umeme.

Pili, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike: Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Hapo unaiambia Defender ikikagua itumie kama asilimia 20 ya prosesa; kiwango cha kawaida ni 50. Hiyo ni wastani kwa ukaguzi, si ukuta, na laptopu ikiwa imeachwa bila mtu bado inaweza kupita hapo. Ulinzi wa muda wote nao hauguswi na amri hiyo, jambo ambalo ni zuri.

Tatu, kama una folda ya kazi zako kubwa, za mabango na kadi za harusi, iweke kwenye orodha ya Defender ya visivyokaguliwa (Exclusions). Folda yako tu. Nimeona mtu kaweka humo diski yote na flashi juu yake. Huyo ni sawa na aliyezima.

Lakini niseme ukweli: kilichonipa amani zaidi ni kung'oa ile hard disk na kuweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Nilijinyima miezi kadhaa. Vijana wengi wa kazi hii hamtaki kusikia habari hiyo, mnataka kitufe kimoja cha kubonyeza, na fundi wa kitufe kimoja hakosekani kila kona ya mji. Mteja anapokukabidhi flashi yake amekukabidhi kazi yake ya mwaka. Iheshimu. Ikague mbele yake kabla hujafungua chochote, hata akinung'unika. Mimi nafanya hivyo kila siku, na wapo wanaopita vibanda viwili vya jirani kuja kwangu kwa sababu hiyo hiyo. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Dada wa Tukuyu, anza na ile saa ya ukaguzi leo jioni, halafu unitumie picha ya Task Manager yako asubuhi.

Na mwalimu, kama unapita humu, flashi yako nyekundu ipo kwenye droo yangu. Niliisafisha siku ileile. Mtihani wa kidato cha pili umo, mzima.