Kwa nini jotoardhi halichimbwi Mombasa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sisi wa Mombasa, pamoja na joto letu hili la Februari, hatuzalishi umeme wa jotoardhi. Joto la jua halihusiki (laiti lingehusika!); kinachotakiwa ni miamba yenye moto mkali iliyo karibu na uso wa ardhi, kama ilivyo katika Bonde la Ufa, ambako mvuke wa visima vya Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Umeme huo hutufikia kwa gridi ya taifa. Joto lenyewe, kwa kuwa halisafiri mbali bila kupoa, hutumika hukohuko, kwa mfano kupashia moto mabanda ya kukuzia maua.