Wachoraji wapya, andikeni saa kwanza

Kila kundi jipya linapoketi na madaftari kwenye kibaraza cha ghorofani kinachotazama Old Taxi Park, kituo cha mabasi madogo ambayo Kampala huyaita taksi, dakika ishirini zijazo zinajulikana mapema. Mmoja atachora taksi kumi zenye ukubwa sawa, zimepangwa kama vipande vya mkate. Mwingine ataandika "Kampala, mji usiolala" kwa herufi za mapambo, kisha atafungua rangi. Wa tatu atapiga picha kwa simu na kusema atamalizia nyumbani. Wadogo zangu, mnapendwa, lakini makosa haya yana mvi. Yalikuwapo kabla yenu, na kila mwaka yanapata wenyeji wapya.

1. Kabla ya mstari wowote wa mchoro, andika mistari mitatu ya maneno: tarehe, saa, na mahali hasa ulipoketi. "Kasubi" peke yake, jina la makaburi ya wafalme wa Buganda, haitoshi. "Kasubi, ndani ya ua, nimekaa chini, lango liko nyuma yangu, paa la nyasi liko mbele" ndiyo anwani. Jumba kuu la pale liliungua Machi 2010 na likajengwa upya. Jengo kuu la Makerere nalo liliungua Septemba 2020. Mchoro usio na tarehe hauwezi kusema ni paa gani uliloliona, la kabla ya moto au la baada yake. Na ukiruhusiwa kuingia ndani pale Kasubi, vua viatu, inua kichwa, uzihesabu zile pete za paa: ni 52, kwa ajili ya koo 52 za Baganda. Anayehesabu huchora tofauti na anayeshangaa tu.

2. Vifaa: penseli ya 2B, biki nyeusi, daftari la A5, vibanio viwili vya karatasi kwa ajili ya upepo. Ukitaka rangi ya maji, karatasi isipungue gramu 200 kwa mita ya mraba, la sivyo itajikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye moto. Raba ibaki nyumbani.

3. Kivuli. Hapa tukae, maana hapa ndipo damu inapomwagika. Nakiri kosa hili lilikuwa langu kabla halijawa lenu, na madaftari yangu ya mwanzo yana majua mawili karibu kila ukurasa.

Linavyotokea ni hivi. Umeketi saa 2:20 asubuhi, hewa bado ya baridi, vivuli virefu na vizuri. Unaanza kushoto kwa ukurasa: nguzo ya umeme, kivuli chake, ukuta wa duka, kivuli chake. Unajiona umefika. Unasogea katikati, unapambana na mabati, unahesabu madirisha, mtu anakusalimia, unajibu. Ukifika kulia kwa ukurasa ni saa 3:20, na unachora kivuli cha nguzo ya pili kama unavyokiona wakati huo. Hujadanganya popote. Kila kivuli ulikichora kwa uaminifu. Lakini ukurasa mzima ni uongo.

Fanya hesabu. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na jua hufika juu kabisa karibu saa 6:50 mchana. Mwezi Machi au Septemba, saa 2:20 asubuhi, nguzo ya mita 8 hutoa kivuli cha karibu mita 19. Saa moja baadaye kivuli hichohicho ni mita 10 na kidogo. Kimepungua karibu nusu wakati wewe unahesabu madirisha. Jua la huku hupanda wima kama mtu anayepanda mnazi, halizunguki kando kando kama la nchi za kaskazini, kwa hiyo asubuhi na alasiri vivuli hubadilika haraka. Matokeo yake, nguzo ya kushoto ina kivuli kirefu mara mbili ya ile ya kulia, na mtazamaji anahisi kuna kitu kimekwenda kombo bila kujua ni nini.

Na mchoraji naye hajui. Hapo ndipo uchungu unapozidi. Anadhani amekosea mistari ya mbali na karibu, anarekebisha nyumba ambayo ilikuwa sawa. Anadhani kivuli hakijakolea, anakikoleza, majua mawili yanaonekana zaidi. Mwisho anageuza ukurasa na kusema hana kipaji. Kipaji kipo. Alichokosa ni dakika tatu za mwanzo.

Dakika hizo zitumie hivi: ukishaweka maumbo makubwa kwa mistari hafifu, fuata kingo za vivuli VYOTE kwa nukta, kushoto hadi kulia, bila kuvijaza. Pembeni chora mshale unaoonyesha jua linatoka wapi, na chini yake andika saa. Kuanzia hapo, macho yakikuambia kivuli kimesogea, yajibu kwamba ni kweli lakini haihusu. Utajaza weusi ndani ya nukta zako hata kama ni saa saba kasoro na chini ya nguzo hakuna kitu. Mchoro usipokwisha, rudi siku nyingine saa ileile, katika wiki hizohizo. Usirudi baada ya miezi mitatu.

Kwa nini si baada ya miezi mitatu? Kwa sababu ya kosa la pili lililojificha ndani ya la kwanza. Vitabu vingi vya kuchora vimeandikwa Ulaya, navyo husema upande wa kaskazini wa nyumba hauoni jua, kaa huko upate mwanga mtulivu. Huku kanuni hiyo ni nusu ya mwaka tu. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini mwetu na vivuli hulalia kusini. Desemba ni kinyume chake. Veranda ya upande wa kaskazini iliyokuwa na kivuli kizuri Januari, Juni itakuchoma kisogo. Machi na Septemba, jua la saa saba kasoro linasimama utosini, uso wa kila mtu una mashimo meusi badala ya macho, na hakuna cha kuchora ila kula. Nendeni mkale roleksi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, mrudi saa tisa na nusu.

4. Mstari wa macho. Ukiwa kwenye kibaraza cha ghorofani, unaona mapaa ya taksi. Basi chora mapaa. Wengi wenu mnachora taksi kwa ubavu, magurudumu mawili, madirisha matatu na ule mkanda wa miraba ya bluu, kama ilivyo kwenye kitabu cha shule. Hiyo ni taksi ya kichwani. Chora kwanza mstari wa usawa wa macho yako, hata ukiangukia nje ya ukurasa kwa juu. Kilicho chini yake, mistari yake hupanda kadiri inavyokwenda mbali. Kilicho juu yake hushuka. Kupima, nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunge, fumba jicho moja, pima urefu wa kitu kwa ncha ya penseli na kidole gumba. Kiwiko kikijikunja hata kidogo, vipimo vyote vimeharibika.

5. Maneno ya pembeni. Sheria ni moja tu: sifa ije baada ya vitu kumi. "Zogo la kupendeza" halimpeleki msomaji popote. "Kondakta anaita Ntinda, Ntinda, Ntinda, anapiga ubavu wa gari kwa kiganja, gari halijajaa, haliondoki" linampeleka. Gawa ukingo wa ukurasa sehemu tatu: ninachoona, ninachosikia, nisichokielewa. Sehemu ya tatu ndiyo yenye thamani, na ndiyo mnayoiacha tupu.

Mfano ni kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani (marabou). Kila mgeni wa daftari humchora na miguu myeupe. Mtazame kwa dakika kumi. Miguu ni ya rangi ya giza, na weupe ule ni kinyesi chake mwenyewe, anajimwagia miguuni ili apoe. Aliyeandika "miguu myeupe?" na alama ya kuuliza atafika kwenye jibu. Aliyepaka nyeupe moja kwa moja amefunga mlango. Zaidi ya hapo kaloli ni mwalimu mzuri wa bure: husimama palepale muda mrefu, kichwa kipara, mfuko wa shingoni ukining'inia, wala haombi kuona umefikia wapi. Anzeni naye kabla ya kujaribu bodaboda.

6. Watu. Salimu kwanza, nunua kitu, ndipo ufungue daftari. "Nnyabo (yaani mama), naomba nikae hapa pembeni nusu saa, nachora mtaa" inatosha, na ukurasa uwe wazi ili aone hujamchora yeye kwa siri. Kambi, vituo vya polisi na lile bwawa la umeme la Jinja, achaneni navyo. Askari akikuuliza, funga daftari, jibu kwa upole. Ukibishana, utakosa mwanga wa jioni.

Mwanga wenyewe ni mfupi. Jua likishazama, kama saa moja kasoro robo hivi, una dakika ishirini tu kabla giza halijakomaa. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu uwe umeshaacha mchoro na unaandika. Na kabla hujainuka, hesabu vibanio. Viko viwili. Kimoja huwa chini ya benchi.