DVD ikigoma kwenye Linux, usikimbilie kubadilisha programu

Filamu ikikataa kucheza, wengi huanza kuhamahama: wanafuta VLC, wanaweka mpv, kesho wamerudi VLC. Programu hizo mara nyingi hazina kosa lolote. Kinachozuia ni kufuli.

DVD nyingi za filamu zinazouzwa madukani zimefungwa kwa mfumo uitwao CSS (si ile CSS ya kurasa za wavuti), uliokuja mwaka 1996. Mwaka 1999 ikatoka programu ya kuufungua. Kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, akashtakiwa kwa kuhusika nayo, na mahakama ikamwachia huru mwaka 2003. Hata hivyo sheria za nchi mbalimbali hazifanani, ndiyo maana Linux nyingi haziji na libdvdcss, maktaba inayofungua kufuli hilo. Angalia kwanza sheria ya kwenu, kisha uiweke mwenyewe.

Kabla ya hapo, fanya jaribio dogo. Weka DVD iliyochomwa nyumbani, kama video ya harusi. Ikicheza vizuri huku ya dukani ikigoma, umeshapata jibu. Zikigoma zote mbili, andika `lsblk` kwenye terminali uone kama sr0, yaani draivu yako ya DVD, ipo. Isipoonekana, shughulika na waya na umeme wa draivu, hasa zile za USB.

Kama Linux yako ni Debian, washa hazina (ghala la programu) ya contrib, kwenye Ubuntu multiverse, kisha:

`sudo apt install libdvd-pkg`
`sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg`

Amri ya pili ndiyo watu huiruka, halafu wanalalamika kwamba hakuna kilichobadilika. Kifurushi hicho hakibebi maktaba yenyewe. Kinapakua msimbo wake na kuujenga ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo intaneti iwepo. Arch ni rahisi: `sudo pacman -S libdvdcss`. Fedora utaipata kupitia RPM Fusion, kwenye hazina waliyoipa jina la tainted, yaani iliyochafuka!

Ukimaliza, vuta subira. Diski nyingine huchelewa kufunguka mara ya kwanza kwa sababu funguo bado zinatafutwa.

Kuna pia suala la kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski au draivu imepangiwa. Draivu hukubali kubadilishiwa kanda mara 5 tu, baada ya hapo inabaki ilipo. Programu ya kubadilishia ni regionset, na mimi naiona kama dawa ya mwisho, maana mara nyingi libdvdcss hufungua hata diski ya kanda nyingine bila kugusa chochote.

Kwa kutazama, chagua VLC kama unataka menyu za diski. Amri `mpv dvd://` huenda moja kwa moja kwenye filamu. Picha ikikwama katikati, fungua `sudo dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo: ukiona makosa ya kusoma sr0 yamejipanga, futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha ujaribu tena.