Mwenye kingamwili, je, ana kinga?

Msomaji anayehariri kijitabu cha afya ametuletea sentensi iliyomsumbua: "Mgonjwa amekutwa na vingamwili vya VVU, kwa hiyo ana UKIMWI." Anauliza kama "vingamwili" ni sahihi, na tena inawezekanaje mtu awe na kingamwili ilhali jina UKIMWI lenyewe ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini.

Nianze na umbo la neno, maana hapo jibu ni jepesi. Andika "kingamwili hii" na "kingamwili hizi". Neno limeundwa kwa "kinga" na "mwili", na "kinga" yenye maana ya ulinzi inatokana na kitenzi "kukinga", ambamo silabi "ki" ni sehemu ya mzizi, si kiambishi cha ngeli kinachoweza kubadilishwa kuwa "vi". Lipo neno jingine "kinga", lenye maana ya kijinga cha moto, ambalo wingi wake ni "vinga". Ndilo hilo tunalolisikia katika methali "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba hata "kitabu" kilitoka katika Kiarabu kikiwa na "ki" ya mzizi na bado tunasema "vitabu". Ni kweli, lakini "kitabu" hakina kitenzi cha Kiswahili cha kukishikilia, ilhali "kukinga" tunakitumia kila siku na hakuna anayesema "vinga za malaria".

Swali la pili ndilo zito, kwa sababu kosa lake linaweza kumpotosha msomaji kuhusu afya yake. Kinga ni hali au uwezo wote wa mwili wa kujilinda, wenye seli za aina nyingi na njia nyingi za kupambana na maradhi. Kingamwili ni kitu mahususi, yaani protini inayotengenezwa na mwili baada ya kukutana na kitu kigeni, na inayonasa sehemu fulani ya kitu hicho. Mtu aliyeambukizwa VVU hutengeneza kingamwili kwa wingi, lakini kwa kawaida hazitoshi kuviondoa virusi, kwa kuwa virusi hubadilika upesi na kuzikwepa. Wakati huohuo virusi huziharibu seli za CD4, ambazo ni nguzo ya kinga, na upungufu unaotajwa katika jina UKIMWI ndio huo. Kwa hiyo kingamwili zinaweza kuwa tele katika damu huku kinga ikipungua, na hapo hakuna mgongano wowote wa maana.

Ndiyo sababu vipimo vya kwanza vya damu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1985, vilitafuta kingamwili na si virusi vyenyewe: kingamwili ni alama kwamba mwili umekutana na virusi. Alama hiyo huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Mtoto mchanga anaweza kuwa na kingamwili alizozipata kwa mama yake akiwa tumboni, nazo zinaweza kubaki hadi miezi 18 hata kama yeye hakuambukizwa, kwa hiyo katika umri huo hutafutwa virusi vyenyewe. Kwa upande mwingine, mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kuwa bado hana kingamwili za kutosha kuonekana.

Katika utafiti wa chanjo tofauti hii huwa kali zaidi. Watu waliojitolea kujaribiwa chanjo ya VVU wanaweza kupimwa wakaonekana kuwa na kingamwili, ingawa hawana virusi kabisa, kwa kuwa chanjo ndiyo iliyouchochea mwili kuzitengeneza. Watafiti wanatafuta hasa kingamwili zinazozuia aina nyingi za VVU kwa pamoja, mfano wake ikiwa ile iliyotangazwa mwaka 2010 kwa jina la VRC01, ambayo hushika ile sehemu ya virusi inayojipachika kwenye seli za CD4. Nawasihi watafsiri wasiandike kwamba kingamwili ya namna hii "inaua virusi". Inaviziba visiingie ndani ya seli, na kitenzi "kuzuia" kinalieleza jambo hilo bila kutia chumvi.

Kuhusu kiunganishi, "kingamwili za VVU" si kosa. Kiswahili husema "dawa ya mbu" na hakuna anayedhani kwamba dawa ni mali ya mbu. Hata hivyo, katika maandishi ya afya napendelea "kingamwili dhidi ya VVU", kwa sababu msomaji mgeni wa neno anaweza kudhani kwamba ni sehemu ya virusi.

Limebaki neno "UKIMWI" katika sentensi ya kijitabu. VVU ni virusi, UKIMWI ni hali ya baadaye ambayo mtu anayeishi na VVU na kutumia dawa ipasavyo anaweza asiifikie kamwe. Zaidi ya hayo, kipimo kimoja cha kingamwili hakitoshi kutoa uamuzi, na anayepimwa si lazima awe mgonjwa. Sentensi ningeiandika hivi: "Kipimo cha kwanza kimeonyesha kwamba damu ya mteja ina kingamwili dhidi ya VVU, kwa hiyo atapimwa tena ili kuthibitisha kama ana maambukizi."